Tumeuza Shamba, Tusiuze na Jina

Msomaji mpendwa, keti kitako unisikilize. Mimi si mzee wa kijiji, si mwakilishi wa wadi, wala si broka wa ploti. Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Hata hivyo, nina jambo ambalo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikilimeza litaniumiza mimi, nikilitema huenda likawaumiza wengine. Baada ya kufikiri sana nimeamua kulitema, na jarida letu hili ndilo mahali pake.

Kisa chenyewe kilianzia Nairobi. Tulikuwa tumekwenda huko na kwaya ya shule, na wakati wa chakula cha mchana kijana mmoja wa shule nyingine akaniuliza, "We unatoka wapi?" Nikamjibu kifua mbele, "Kamukuywa." Akakuna kichwa kidogo, kisha akasema, "Aa! Si ni pale kwenye lile daraja la ajali?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha kuazima.

Kwa nini nilikasirika? Kijana yule hakusema uongo. Daraja letu la Mto Kamukuywa, katika barabara kuu ya Webuye na Kitale, limepoteza roho za watu wengi, na likitajwa redioni aghalabu huwa ni kwa habari ya msiba. Nilichokasirikia ni kwamba sikuwa na la kuongeza. Mgeni alijua jambo moja kuhusu kwetu, na mimi niliyezaliwa pale nilikuwa najua lilo hilo moja! Nikajiuliza: hivi Kamukuywa ilikuwa nini kabla ya daraja, kabla ya steji ya matatu, kabla ya hizi ploti? Niliporudi nyumbani sikubadilisha hata nguo. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, nikamwuliza.

Kukhu alinitazama kwa muda, kisha akacheka. "Papa, leo ndo umekumbuka kuuliza?" Aliweka chini ungo wake wa maharagwe, akachukua bakora, tukatoka naye hadi barabarani. Hapo akaanza kunionyesha. Pale penye duka la simu palikuwa shamba la wimbi la baba mkwe wake. Pale kwa kinyozi palikuwa zizi la ng'ombe. Ile njia nyembamba kati ya hoteli na duka la dawa za mifugo, ambayo siku hizi bodaboda hupita zikipiga honi, ndiyo iliyokuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni. Nyuma ya mashine ya kusagia mahindi palikuwa na mti mkubwa ambapo wazee walikutana kusuluhisha kesi za mahari na za mipaka.

"Na boma letu je, Kukhu? Lilikuwa wapi?"

Alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza sarafu, kisha akagonga chini kwa bakora, mbele ya jengo la vyumba vya kukodisha. "Hapo uliposimama," akasema, "ndipo mlango ulipokuwa."

Jamani! Miaka yote hiyo nimekuwa nikipita pale kwenda kununua sukari, nisijue kwamba navuka kizingiti cha babu yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma kila nilichopata. Nimejifunza kwamba hii si mara ya kwanza vijiji vyetu kumezwa. Hapo zamani Wabukusu hawakukaa kwa kutawanyika kama leo. Walikaa pamoja ndani ya vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, ili wajikinge na maadui. Kijiji cha namna hiyo kiliitwa lukoba, na vikiwa vingi, chingoba. Mwaka 1895 Waingereza, wakiwa na askari wa Kisudani na wasaidizi kutoka Buganda na Wanga, walizishambulia ngome za Lumboka na Chetambe. Watu wengi waliuawa na mifugo ikatekwa. Chetambe ni pale pale juu ya mji wa Webuye. Sote tumewahi kuvitazama vilima vile kutoka dirishani mwa matatu, lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba vile ni uwanja wa vita na tena makaburi? Mwaka 1947 Elijah Masinde, mzaliwa wa hapa hapa kwetu Kimilili na kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya maelfu ya watu Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 52, na watu walikuwa bado wanakumbuka. Sisi leo tuna shule na vitabu, lakini tumesahau.

Baada ya vita vile serikali ya kikoloni ilishika hatamu, ngome zikaachwa, na watu wakaenda kila mmoja kwenye shamba lake. Hata jina letu halikusalimika. Katika barua za wakoloni tuliitwa Kitosh, jina tulilobandikwa na wengine. Upande wa Trans Nzoia ardhi ikatengewa walowezi wa Kizungu, na reli ikafika Kitale mwaka 1926 kubeba mazao yao. Watu wengi wa huku wakaenda kuwa vibarua katika mashamba yale. Baada ya Uhuru baadhi ya mashamba hayo yaligawiwa Waafrika, na watu wakazidi kupita huku na huku.

Kamukuywa nayo ikajikuta njia panda. Huku ni Webuye, huku ni Kiminini na Kitale, na huku ni barabara ya kupanda Kaptama na Kapsokwony, katika Mlima Elgon. Na panapokutana njia, msomaji, hapakosi muuza chai. Baada ya muuza chai huja kinyozi, baada ya kinyozi huja mwenye duka, na baada ya mwenye duka huja savea na bikoni zake. Ndivyo soko lilivyokula kijiji. Hakikuliwa kwa bunduki kama Chetambe. Kililiwa ploti moja moja, hamsini kwa mia, mchana kweupe, na kila mara chai na mandazi vilinunuliwa kusherehekea.

Sasa nije kwenye mwiba wenyewe.

Siku ile Kukhu hakuishia barabarani. Tuliteremka naye polepole hadi karibu na mto, tukafika mahali ambapo moyo wangu ulishtuka, kwa maana nilipajua. Pale palikuwa sitosi yetu. Kwa faida ya wasomaji wetu wa makabila mengine nitaeleza. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti, kila mwaka wa shufwa. Alfajiri ya siku ya kisu mtahiriwa hupelekwa kwenye kijito chenye matope, hupakwa tope mwili mzima, na kichwani hubandikwa jani la lusinyande. Kisha hurudi nyumbani huku wimbo wa sioyaye ukipasua anga. Mahali pale pa matope ndipo paitwapo sitosi. Mimi nilisimama pale mwaka 2022, meno yakigongana kwa baridi, nikijua kwamba baba yangu alisimama papo hapo, na babu yangu pia, ambaye nimemwona kwenye picha tu.

Agosti 2024 ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Tulifika alfajiri, umati nyuma yetu ukiimba, tukakuta ua wa seng'enge na lango la mabati lenye kufuli. Mlinzi akatoka na tochi. "Hii ni ploti ya mtu," akasema. "Endeni mtafute matope kwingine." Vijana wakataka kuvunja lango, wazee wakawakataza, kwa maana siku kama ile haitakiwi damu nyingine. Kwa kuwa jua lilikuwa linakaribia kuchomoza, mdogo wangu alipakwa tope la mtaro kando ya barabara, lenye mafuta ya magari na vifuniko vya chupa. Alisimama imara, hakupepesa jicho, nasi tukamsifu. Lakini usiku nilipompelekea chakula aliniuliza kwa sauti ndogo, "Lile tope nalo linahesabika?" Sikumjibu. Hadi leo sijamjibu.

Bila shaka, msomaji, umekwisha kumlaani mwenye ua ule. Hata mimi nilimlaani pale pale mbele ya Kukhu, nikamwita mwizi wa mila. Kukhu akaninyamazisha kwa bakora yake.

"Papa, usimtukane. Yule hakuiba, alinunua. Na aliyemuuzia ni baba yako."

Nikahisi ardhi inateleza. Sikuwa nimejua kwamba kipande kile kilikuwa cha ukoo wetu, tena kwenye fungu la baba. Watu walikuwa wakikitumia tu kwa sababu babu aliwaruhusu. Kukhu akaendelea, "Alikiuza Januari ile ulipoitwa kidato cha kwanza. Ulitaka auze nini?"

Naam, ndugu msomaji. Karo yangu, sanduku langu, godoro langu, hata kamusi ninayoitumia kuandika makala haya, vyote vimetoka katika tope lile. Mdogo wangu alipakwa uchafu wa mtaro ili mimi nipate kujifunza ngeli za nomino. Tangu siku ile kila nikisikia watu wakiwalaumu "wauza ardhi" mimi huinamisha kichwa.

Basi mwenye kosa ni nani? Baba alikuwa na mtoto wa kusomesha na hakuwa na ng'ombe wa kuuza. Mnunuzi alilipa pesa zake, akapewa karatasi. Savea alipima alichoonyeshwa. Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana, na nimeona kwamba tatizo lilianza kabla ya wao wote. Mahali pale hapakuwa pameandikwa popote. Wazee walipajua, vijana walipajua, lakini kwenye ramani palikuwa nambari tu, na nambari haina mila. Iwapo kabla ya kuuza pangalikuwa na mstari mmoja ulioandikwa, "hapa ni sitosi ya watu wote," baba angaliuza kipande cha juu, akabakiza cha chini. Karo ingalipatikana na tope lingalibaki.

Hii ndiyo hoja yangu. Soko na likue, lakini kabla ya bikoni kupigwa, majina ya mahali yaandikwe, na mahali pa watu wote patengwe.

Najua wapo watakaonicheka. Watasema, "Wacha hadithi, kijana. Historia hailiwi." Nawajibu kwa heshima kwamba sitaki kurudi kwenye koroboi. Mama yangu huuza nyanya katika soko lile lile ninalolisema. Umeme umefika, dawa ziko karibu, na bodaboda humfikisha mgonjwa hospitalini haraka kuliko machela. Sipingi soko. Ila wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya tumeupokea, lakini mbacha tuliozaliwa juu yake tumeutupa bila hata kuukunja.

Tazama wengine walifanya nini. Yule kijana wa Nairobi aliyenicheka huenda hajui kwamba mji wake nao ulikula vijiji. Nairobi ilianza mwaka 1899 reli ilipofika hapo, na Pangani kilikuwa mojawapo ya vijiji vya mwanzo vya Waafrika, chenye Waislamu wengi wasemaji wa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakuu wa mji walikibomoa, na wakazi wakaelekezwa upande wa Pumwani, kwenye nyumba mpya za Shauri Moyo. Hebu lisikilize jina hilo, Shauri Moyo! Ndani yake mna uchungu wa watu walioambiwa wahame, na hakuna aliyehitaji kujenga mnara. Pangani nayo ilibomolewa lakini jina likabaki, na mtoto akiuliza "kwa nini paitwa Pangani?" ana mahali pa kuanzia. Kwetu sisi steji huitwa kwa jina la hoteli. Hoteli ikifungwa, jina nalo linafungwa.

Tazama pia ndugu zetu Wamijikenda wa pwani. Nao zamani walikaa katika vijiji vya ngome ndani ya misitu, vilivyoitwa kaya. Watu walihama kaya zao zamani wakaenda kulima na kufanya kazi mijini, lakini wazee waliendelea kuilinda misitu ile. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mombasa haikuacha kukua kwa sababu kaya zimehifadhiwa.

Na sisi? Kule Kitale kuna makumbusho yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1974. Ndani ya uwanja wake zimejengwa nyumba za kienyeji ili wageni na wanafunzi waone mababu walivyoishi. Nimekwenda pale kwa ziara ya shule, tukalipa kiingilio, tukaitazama nyumba ya Kiluhya iliyoigizwa. Kisha tukarudi Kamukuywa, ambako za kweli tumezibomoa wenyewe. Je, hii si sawa na mtu kumwaga maziwa yake kisha akaenda kununua ya pakiti?

Sheria nayo iko upande wetu, kama tungeisoma. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 62 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinataja hata mahali pa ibada za jadi kuwa miongoni mwa ardhi za jamii. Lakini sheria haiwezi kulinda mahali ambapo hakuna aliyejitokeza kupataja.

Kuna hofu moja ambayo sitaifumbia macho. Watu wengine wakisikia neno "historia ya ardhi" hushika panga. Mwaka 1992 damu ilimwagika Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon kwa sababu ya maneno ya "hapa ni kwetu, nyinyi ni wageni." La hasha! Sitaki historia ya namna hiyo. Majina yenyewe yanatufundisha adabu. Kaptama na Kapsokwony ni majina ya Wasabaoti, na hiyo "Kap" mwanzoni maana yake ni "kwa" au "nyumbani kwa". Majirani wetu wana historia yao, na mara nyingi imesukana na yetu. Hata mwenye duka aliyekuja juzi kutoka mbali anastahili kujua amejenga juu ya nini. Tukiandika, tuandike ya wote, ili iwe daftari la ujirani. Atakayeligeuza kuwa fimbo ya kuwafukuzia wengine atakuwa ameliharibu.

Basi tufanyeje? Nina mapendekezo manne.

Kwanza, sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuanze likizo hii hii. Kila mmoja akae na mzee mmoja wa kwao, aandike majina ya mahali, asili yake, na palipokuwa na nini. Wazee hawatatungoja. Kila jeneza linaloteremshwa hushuka na majina kumi.

Pili, mwalimu wetu wa Kiswahili na yule wa Historia watusaidie kuchora ramani moja kubwa ya Kamukuywa ya zamani, ibandikwe maktabani, na nakala yake ipelekwe kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi.

Tatu, serikali ya kaunti inapopanga mji iite mikutano ya wazee kabla ya savea kufika, na ukingo wa mto pamoja na sitosi utengwe usiuzwe kwa mtu binafsi. Na njia mpya za sokoni zipewe majina ya zamani. Ile njia ya bodaboda iitwe Njia ya Ng'ombe. Itamgharimu nani?

Nne, na hili ni gumu, tukae na wale walionunua, tuzungumze nao kama majirani. Baba amekubali kwenda kumwona mwenye ua ule. Hatamwomba arudishe ploti, kwani pesa tumezila. Atamwomba tu afungue lango asubuhi moja ya Agosti, kila baada ya miaka miwili. Alipoambiwa hivyo Kukhu alisema, "Akikataa, mimi mwenyewe nitaenda nikalie langoni pake." Wanaomjua Kukhu wanajua kwamba hatanii.

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba anayeiuza bila kujua anaiuza yuko hatarini zaidi, kwa maana hata siku ya kuikomboa hatajua aende kwa nani. Nimesoma kwa tope lile. Deni langu kwalo siwezi kulilipa kwa pesa, kwani sina. Nalilipa kwa wino, na huu ndio mwanzo.

Na siku nikikutana tena na yule kijana wa Nairobi, akiniuliza kuhusu daraja, nitamwambia, "Ndiyo, ni pale pale. Sasa keti nikueleze kabla ya daraja palikuwa na nini." Kisha nitamwuliza kama anajua asili ya Shauri Moyo.

Nakomea hapo kwa leo. Wasalaam.

Wenu katika Kiswahili,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.